Kifungu cha Tisa

Sabir Athman alikuwa fundi wa friji na viyoyozi, mtu wa Mkanyageni, mwenye miaka arobaini na mitatu, mke mmoja, na mkanda mweusi wa karate aliokuwa nao kwa miaka kumi na tisa. Kwa muda mwingi wa miaka hiyo alifundisha jioni kwenye uwanja wa Tononoka, bila ada na bila utaratibu. Aliyetaka kuja alikuja. Aliyechoka alikaa kwenye nyasi akala viazi karai. Kisha siku moja wanafunzi wake wawili walipigana wao kwa wao kwa sababu ya nani asimame mbele, na mmoja akapoteza jino. Sabir alilitafuta jino lile kwenye nyasi mpaka giza likaingia, asilione. Akaamua kuanzisha skuli ya kweli, yenye chumba, saa na mlango.

Mwenzake katika jambo hili alikuwa Ketty Nafula, mwanamke wa Bungoma aliyehamia Mombasa kufanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, upande wa Mbaraki. Ketty naye alikuwa na mkanda mweusi. Walijuana kwenye mashindano, walipopangwa wawili katika mchezo wa maonyesho, na Ketty akashinda kwa pointi moja. Sabir alieleza baadaye kwamba mkeka ulikuwa na maji. Ketty hakubisha. Alisema tu kwamba na yeye alikuwa amesimama kwenye mkeka huo huo.

Chumba walikipata Kibokoni, ghorofani kwa Bi Sheikha Mbarak, mjane wa miaka sitini na sita aliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja. Kilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya mbao na madirisha manne, na ndani hamkuwa na kitu ila kabati moja lililokataa kupita mlangoni. Chini yake palikuwa na duka la Khubaib, mshoni wa kanzu. Bi Sheikha alisema hana neno, chumba watumie, lakini kwanza azione kanuni.

Sabir alimwambia kwamba kanuni yao ni moja tu, nayo ni heshima.

"Na asiyekuwa na heshima," Bi Sheikha akauliza, "barua yake ya onyo itaandikwa vipi?"

Sabir hakuwa amefikiria habari ya barua. Ketty alifungua mkoba akatoa daftari. Wakakubaliana kukutana kila Jumapili baada ya alasiri, Ketty akishatoka kanisani na kula, mpaka kanuni ziishe.

Zilichukua Jumapili sita. Ya kwanza ilikwenda kwenye saa. Watoto walitoka madrasa saa kumi na nusu, Ketty alitoka ofisini saa kumi na moja, na Maghrib ilikuwa saa kumi na mbili unusu. Ketty alichora jedwali kwa rula, akatoa muda wa kutoka Mbaraki mpaka Kibokoni, akatoa muda wa kubadili nguo, na ikaonekana kwamba skuli yao itakuwa na dakika hamsini kwa siku. Jumamosi asubuhi lilitengwa darasa la wanawake peke yao, mapazia yakiwa chini, na mwanamume asipande ngazi. Sabir aliuliza kama na yeye ni mwanamume kwa maana ya kifungu hicho. Bi Sheikha alisema ndiyo, akaandika jina lake pembeni ili isije ikaulizwa tena.

Jumapili ya pili ilikuwa ya kuinama. Kote Sabir alikopita, mwanafunzi akiingia humwinamia mwalimu. Bi Sheikha alisema katika nyumba yake watu huinamia Mungu tu, na wazazi wa mtaa mzima wangekuja kuuliza. Ketty alisema hata kwao kanisani mchungaji aliwahi kuulizwa jambo hilo, akajibu kwa saa nzima. Wakajaribu kuweka salamu badala yake, lakini kuna wa salaam aleikum, kuna wa habari za jioni, na kuna watoto wanaotakiwa kusema shikamoo. Mwisho iliamuliwa kwamba anayeingia aweke mkono wa kulia kifuani, asiseme kitu. Kimya hakikupingwa na dini yoyote.

Jumapili ya tatu Khubaib mwenyewe alipanda juu na kanzu nyeupe mkononi. Sabir alikuwa amejaribu sakafu kwa mateke machache siku ya Ijumaa, na vumbi la mbao lilikuwa limeteremka begani mwa kanzu ya bwana harusi. Ikaandikwa kwamba hakuna kuruka katika siku kumi za mwisho za Ramadhani, wala wiki ya harusi yoyote ambayo Khubaib ameitolea taarifa. Naye Khubaib akakubali kufunga shuka chini ya dari yake. Ya nne ilimalizika kwenye kucha, simu, wazazi wanaofundisha wakiwa mlangoni, na ni nani aruhusiwe kuandika kwenye kundi la WhatsApp.

Ya tano ilikuwa zamu ya Sabir. Alisema kuna kifungu kimoja anachokitaka yeye, na hataki kilegezwe. Akawasimulia habari ya jino. Ketty aliandika akisoma kwa sauti: mwanafunzi yeyote atakayempiga mtu nje ya skuli atasimamishwa kwa siku arobaini, isipokuwa awe ameshambuliwa na hana njia ya kuondoka. Ketty aliona siku ishirini zinatosha. Sabir alisema arobaini. Bi Sheikha, aliyekuwa na penseli, aliuliza kama ni mwanafunzi tu au ni mtu yeyote wa skuli.

"Mtu yeyote," Sabir akasema. "Mwalimu awe wa kwanza."

Aliyasema kwa wepesi, akinyoosha mkono kuchukua kaimati sahanini.

Kikawa kifungu cha tisa. Cha kumi kilisema kwamba aliyesimamishwa asipande ngazi saa za mazoezi, na cha kumi na moja kwamba barua ya kusimamisha itiwe saini na walimu wote wawili. Jumapili ya sita Bi Sheikha aliirekebisha mikato yote. Kanuni zikatoka vifungu ishirini na tatu, zikapigwa plastiki, zikatundikwa ubavuni mwa kabati.

Skuli ilifunguliwa mwezi wa pili ikiwa na wanafunzi wanne: Maisara, msichana wa darasa la saba, Wekesa, mtu mrefu wa reli mwenye goti bovu, na ndugu wawili wa Kuze waliokuja kwa sababu mama yao aliwaleta. Baada ya wiki saba walikuwa kumi na saba. Sabir alifundisha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa sauti kubwa na maneno machache. Ketty alifundisha siku nyingine. Sabir alikuwa na furaha, na mkewe Swafia alisema amepunguza kukoroma.

Wiki ya nane, siku ya Jumamosi asubuhi, Swafia alimtuma Marikiti kununua ndimu na vitunguu.

Vitunguu vilikuwa kwa Abdulghafur, muuzaji wa jumla aliyesoma naye skuli ya msingi, mtu mwenye kifua kama mlango wa ghala. Abdulghafur alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akiwatazama wachukuzi wakipanga magunia. Waliamkiana vizuri, wakaulizana hali za watu wa nyumbani mmoja mmoja. Kisha Abdulghafur akasema amesikia habari ya skuli, na kwamba yeye siku zote ameamini karate ni upepo tu. Akasimama, akajipiga tumboni, akasema nipige hapa tuone. Sabir alikataa. Abdulghafur akasema tena, na wachukuzi wakatua magunia yao. Sabir alikataa mara ya pili, akaomba apimiwe kilo mbili.

Abdulghafur alizipima. Akimkabidhi mfuko, akasema watu wanasema Sabir anafundisha pamoja na mwanamke kwa sababu mwanamke huyo alimpiga mbele ya watu, na tangu siku hiyo ndiye anayeamua.

Sabir aliweka mfuko chini, akampiga ngumi moja mahali pale pale alipoonyeshwa.

Abdulghafur aliketi juu ya gunia la vitunguu, halafu akalala juu yake. Hakuwa na damu wala maumivu ya kupiga kelele. Pumzi tu ndiyo iliyokwenda. Mchukuzi mmoja akamletea maji. Baada ya dakika tatu alikaa, akasema kwa sauti ndogo kwamba kumbe si upepo. Sabir alimwomba radhi, naye Abdulghafur alisema hapana ubaya, yeye mwenyewe ndiye aliyetaka. Walipeana mikono. Wachukuzi wakarudi kazini wakijadiliana ilikuwa ngumi moja au mbili.

Sabir alirudi nyumbani kwa miguu. Alimweleza Swafia yaliyotokea, tangu mwanzo mpaka mwisho, naye Swafia alisikiliza, kisha akauliza ndimu ziko wapi.

Adhuhuri alikwenda kumngoja Ketty mlangoni pa nyumba ya Bi Sheikha, kwa kuwa darasa la wanawake lilikuwa limekwisha na Ketty alikuwa bado juu akikunja mikeka. Alimwambia mwenyewe, kabla mtu mwingine hajamwambia. Hakumwambia maneno ya mwisho ya Abdulghafur. Alisema tu kwamba aliudhiwa. Ketty aliuliza kama Abdulghafur yuko salama, kisha akauliza kama ndiye aliyemgusa Sabir kwanza. Sabir akasema hakumgusa.

"Mwalimu," Ketty alisema, "ukiniambia nisiiandike hiyo barua, sitaiandika. Lakini na mimi sitafundisha tena hapa."

Sabir alitazama ngazi. Alikuwa amezipaka rangi mwenyewe.

"Andika," akasema.

Bi Sheikha alitaka mambo yafanywe kwa utaratibu, kwa hiyo Jumapili kukawa na kikao. Abdulghafur alikuja kama shahidi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akitembea polepole na mkono mmoja tumboni. Alisema amekuja kumtetea Sabir. Alieleza kwamba yeye ndiye aliyeomba kupigwa, si mara moja, mara mbili kwa mdomo na mara ya tatu kwa maneno ya kuudhi ambayo hangependa kuyarudia mbele ya Bi Ketty. Bi Sheikha akamwambia ayarudie, maana kumbukumbu lazima ziwe kamili. Akayarudia. Ketty aliyaandika bila kuinua uso, akamwuliza kama "anayeamua" ndilo neno alilotumia hasa. Abdulghafur alisema ndilo.

Bi Sheikha alivaa miwani akakisoma kifungu cha tisa.

"Sabir, mwanangu, wewe ulishambuliwa?"

"La, Bi Sheikha."

"Ulikuwa huna pa kutokea?"

Sabir alifikiri. Marikiti ina pa kutokea kila upande. "Palikuwapo," akasema.

Abdulghafur alinyoosha mkono akauliza kama mtu akiomba mwenyewe hahesabiwi kuwa ametoa ruhusa. Bi Sheikha alimjibu kwamba kifungu hakimuulizi aliyepigwa alitaka nini. Kisha likabaki jambo la saini. Kifungu cha kumi na moja kilitaka walimu wote wawili. Waliangaliana. Ketty alitia yake, akamsogezea Sabir karatasi, na Sabir akatia saini barua ya kumsimamisha Sabir Athman kwa siku arobaini. Alipewa nakala. Bi Sheikha aliamua kwamba siku ya barua haihesabiwi.

Wiki ya kwanza aliifanya ya kazi. Alitengeneza viyoyozi vya ofisi mbili za Mbaraki na friji la muuza samaki. Lakini ikifika saa kumi na moja unusu mikono ilikuwa haina raha. Jumatatu ya pili alikwenda dukani kwa Khubaib akasema amekuja kuangalia feni. Khubaib alisema feni haina kitu. Sabir aliifungua hata hivyo, akaisafisha, akaifunga, na tangu hapo ikawa na mlio. Kwa sababu ya mlio huo ilibidi arudi kesho yake, na keshokutwa. Mwisho Khubaib alimwekea kiti.

Kifungu cha kumi kilikataza kupanda ngazi. Hakikusema kitu juu ya kukaa chini ya dari.

Juu walihesabu, moja mpaka kumi, na miguu ikapiga mbao kwa pamoja. Sabir alisikia kwamba Ketty husimama katikati ya zoezi na kueleza, jambo ambalo yeye hakulifanya kamwe. Alisikia watu wakicheka. Jumanne moja alihesabu jozi za viatu kwenye ngazi, akapata ishirini na mbili, na kwa muda hakujua kama afurahi. Aliporudi nyumbani hakuwa na hamu ya chakula. Alimwambia Swafia kwamba skuli inakwenda vizuri sana, na Swafia akamtazama na kumwongezea mchuzi.

Khubaib alikuwa mtu wa maneno machache na macho ya karibu. Kila jioni baada ya Maghrib alifungua shuka yake ya darini, na kabla ya kuikung'uta alionyesha vumbi lilipoangukia. Hapa ni yule mrefu wa reli, alisema, goti linamfanya atue mzima mzima. Hapa ni msichana, hana vumbi kabisa, huyo atafika. Sabir alianza kuisoma shuka naye. Siku ya kumi na saba kilisikika kishindo ambacho hakijawahi kusikika, cherehani ikatikisika, na feni ikaacha mlio wake.

"Mgeni," Khubaib alisema. "Kilo mia na ushei."

Walichungulia mlangoni darasa lilipomalizika. Aliyeteremka ngazi, akishika ukuta, jasho limemlowesha mpaka kiunoni, alikuwa Abdulghafur. Alimwona Sabir akaweka mkono wa kulia kifuani, asiseme kitu, kama ilivyoandikwa. Sabir akaweka wake.

Siku ya ishirini na tatu Khubaib alikuwa akikunja shuka akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba upande wa mbele, karibu na dirisha la barabarani, pamekuwa safi sana siku hizi. Sabir aliuliza nani husimama pale.

"Sasa husimama Bi Ketty," Khubaib akasema. "Mbele ulikuwa wewe. Ulikuwa ukinipa kijiko kizima cha vumbi kila jioni. Kisigino cha kushoto. Ukigeuka, wakipiga chini kwanza, halafu ndiyo mguu wafuata."

Sabir alisema haiwezekani. Khubaib hakubishana, alimwonyesha doa la rangi ya udongo kwenye shuka, lililokuwa limekataa kutoka hata kwa sabuni.

Usiku ule, jikoni, Sabir aliweka mikono mahali pake akageuka kama anavyogeuka siku zote. Vikombe vililia kabatini. Akageuka tena. Alimwuliza Swafia, aliyekuwa akichambua mchele, kama amewahi kukisikia kisigino hicho. Swafia alisema amekisikia tangu wafunge ndoa. Alidhani ndivyo inavyofanywa.

Sabir alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Alihesabu wanafunzi aliowafundisha katika miaka kumi na tisa, waliomtazama kila jioni na kufanya kama yeye, akawakumbuka wengi, na akakumbuka vizuri jinsi walivyogeuka, kisigino kwanza. Alipofika kwenye yule aliyepoteza jino, aliacha kuhesabu.

Siku zilizobaki alifanya mazoezi jikoni, bila viatu, juu ya gazeti. Gazeti lilichanika kila siku.

Siku ya arobaini na moja ilikuwa Jumamosi, siku ya wanawake, kwa hiyo alingoja mpaka Jumatatu. Bi Sheikha aliihakikisha kwenye kalenda, akampa barua ya kurejea ambayo safari hii haikuhitaji saini yake. Alipanda ngazi. Wanafunzi ishirini na wanne waliweka mikono vifuani, naye akaweka wake. Abdulghafur alisimama mstari wa mwisho, nguo yake nyeupe ikiwa haifiki kwenye vifundo vya miguu. Ketty alisogea kando, akamwachia nafasi ya mbele, karibu na dirisha la barabarani.

Sabir hakwenda. Alimwambia Ketty kwa sauti ya chini kwamba leo afundishe yeye, na kwamba angependa amtazame anavyogeuka, mguu wa kushoto.

"Kisigino?" Ketty akauliza.

"Ulikiona?"

"Nilikiona zamani."

"Mbona hukuniambia?"

Ketty alikaza mkanda wake. "Ulikuwa huulizi," akasema.

Alimpangia mahali pembeni, karibu na kabati, akawarudia wengine. Wekesa alikuwa akisumbuka na goti lake. Maisara alikuwa akimwonyesha Abdulghafur jinsi ya kufunga mkanda, kwa mara ya tatu, na Abdulghafur alimwita mwalimu bila aibu. Sabir aligeuka mara kumi. Mara ya kumi na moja Ketty alikuja akasimama nyuma yake, mikono nyuma, akitazama chini. Sabir aligeuka. Alisikia mwenyewe, kabla ya kuambiwa, mlio mdogo wa mbao, na kutoka chini mashine ya Khubaib ikanyamaza kidogo kisha ikaendelea.

"Bado," Ketty akasema.

Sabir alirudisha mguu mahali pake, akaanza tena.